Usimlaumu kamba, chunguza shira na karai

Yapo makosa ambayo daktari huyafanya na mgonjwa asiyajue. Hili langu aliligundua mgonjwa mwenyewe, tena alinieleza huku akicheka.

Ni mwanamume wa makamo, mfanyakazi wa ofisi hapa jijini, aliyeishi na kisukari cha aina ya pili kwa miaka kadhaa. Aliniarifu kwamba kila Ijumaa jioni yeye na mkewe hula katika mkahawa mmoja wa vyakula vya Kichina, na kwamba chakula chake hasa ni kamba waliokaangwa hadi wakakauka, kisha wakapakwa shira tamu yenye siki na tangawizi. Nilimkataza papo hapo. Nilimwambia kamba wana kolesteroli nyingi, na moyo wa mwenye kisukari hauhitaji mzigo huo. Aliitikia kwa adabu. Baada ya miezi mitatu alirudi, na kipimo cha wastani wa sukari kilikuwa kimepanda badala ya kushuka.

"Daktari, kamba nimeacha kabisa," akaniambia. "Siku hizi naagiza kuku wa shira ile ile."

Mpenzi msomaji, kosa hapo lilikuwa langu. Nilikataza nyama nikaiachilia sukari. Naamini madaktari wengi tumefanya hivyo, kwa kuwa tulikaririshwa orodha ya vyakula vya kuogopwa, na kamba yumo katika orodha hiyo tangu zamani.

Hebu tumtazame kamba mwenyewe. Gramu 100 za kamba waliopikwa bila mafuta zina protini zaidi ya gramu 20, na mafuta yasiyofika gramu 2. Ni kweli kwamba zina kolesteroli ya kiasi cha miligramu 200, ambayo si haba. Hata hivyo, kinachoisukuma zaidi kolesteroli ya damu kwa watu wengi si kolesteroli iliyo katika chakula, bali ni mafuta mazito, yaani yale ya mgando, ya nyama iliyonona na ya siagi. Kamba hana mafuta hayo ila kidogo mno. Mwaka wa 1996 watafiti wa Chuo Kikuu cha Rockefeller cha New York waliwalisha watu wenye afya gramu 300 za kamba kila siku, waliopikwa kwa mvuke. Kolesteroli mbaya ilipanda kwa asilimia 7 hivi, lakini ile nzuri ilipanda kwa asilimia 12, na mafuta mengine ya damu, trigliseridi, yakashuka. Mwongozo wa lishe wa Marekani wa miaka ya 2015 hadi 2020 nao uliondoa kikomo cha zamani cha miligramu 300 za kolesteroli kwa siku, ingawa uliendelea kushauri watu wale kolesteroli kidogo iwezekanavyo.

Sisemi kamba waliwe kila siku. Mwenye jongo, mathalani, atafanya vyema kuwapunguza. Lakini sahani moja kwa wiki si kosa la jinai, na maskini kamba amebeba lawama za wenzake wawili wanaokaa naye katika sahani moja: shira na mafuta ya karai.

Nilimwomba mpishi mmoja ninayemfahamu anikubalie nisimame kando ya jiko lake akipika. Nilihesabu vijiko vikubwa sita vya sukari katika shira ya sahani ya watu wawili, mbali na sosi ya nyanya ya chupa ambayo nayo ina sukari yake. Vijiko sita ni gramu 72 hivi, yaani gramu 36 kwa kila mlaji. Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka wa 2015 kwamba sukari ya kuongezwa, pamoja na ile ya asali na ya maji ya matunda, isizidi sehemu moja ya kumi ya nguvu za chakula cha siku, na ni bora zaidi ikiwa nusu ya hapo, kiasi cha gramu 25. Kwa hiyo yule mgonjwa wangu, ambaye alikuwa ameacha sukari katika chai kwa taabu kubwa, alikuwa akila Ijumaa moja jioni sukari ya vikombe vingi vya chai aliyojinyima.

Mafuta ni hadithi nyingine. Mpishi yule hana ubaya. Mafuta ni ghali, na mkahawa usioyatumia tena na tena hupata hasara. Lakini mafuta yaliyochemshwa mara nyingi hubadilika. Huwa meusi na mazito, hutoa povu na moshi mapema, na hujaa vitu ambavyo havikuwamo yalipomiminwa kutoka chupani. Isitoshe, karai lile lile hukaanga viazi, kuku na samaki. Nitarejea kwa jambo hilo, kwa sababu linaweza kuua.

Basi nilimwambia mgonjwa wangu arudi kwa kamba, ila awapike nyumbani. Wiki iliyofuata mkewe alinipigia simu akiwa amekasirika. Alikuwa amejaribu, na kamba walitoka wamelowa kama mandazi yaliyoanguka ndani ya chai. Mumewe alikula wawili akauliza kama mkahawa bado uko wazi. Hapo nikatambua kwamba ushauri wa daktari usiofika jikoni haufiki popote. Nilijaribu mwenyewe Jumamosi nne mfululizo, na watoto wangu ni mashahidi kwamba mbili za kwanza hazikulika.

Haya ndiyo niliyojifunza. Kwa watu wanne, nunua gramu 400 za kamba waliokwisha kumenywa. Wengi wanaovuliwa Kenya hutoka Ghuba ya Ungwana, kaskazini ya Malindi, ambako mto Tana humwagika baharini. Jijini Nairobi utawapata City Market na katika maduka makubwa, mara nyingi wakiwa wamegandishwa, na hilo si jambo baya. Kamba aliyegandishwa mapema ni salama kuliko yule "mbichi" aliyeshinda juani juu ya barafu inayoyeyuka. Mnuse. Kamba mzuri hunuka bahari; akinuka kama mkojo, mrudishe kwa mwenyewe. Madoa meusi kichwani huonyesha kwamba amekaa. Wauzaji wengine huzuia weusi huo kwa dawa ya jamii ya salfaiti, ambayo yaweza kuamsha pumu kwa baadhi ya wagonjwa. Mwenye pumu aulize kabla ya kununua.

Wayeyushe ndani ya friji usiku kucha, si juu ya sinki. Ule uzi mweusi mgongoni ni utumbo. Hauna sumu, lakini una mchanga, kwa hivyo uondoe. Ubao uliokatia kamba wabichi usikatie kachumbari kabla ya kuuosha kwa sabuni na maji moto. Vijidudu vya baharini hufa motoni, ila kachumbari haipiti motoni.

Sasa tufike alipokosea yule mama, na mimi pia. Adui wa ukavu ni maji. Wakaushe kamba kwa kitambaa safi au karatasi za jikoni, uwaache dakika 20 ndani ya friji bila kufunikwa, kisha uwakaushe tena. Wachanganye na ute mweupe wa yai moja, halafu wagaragaze katika vijiko vikubwa vinne vya wanga wa mahindi, ule unga mweupe laini unaouzwa madukani kwa ajili ya kastadi. Unga wa ugali haufai, na unga wa ngano hulowa upesi zaidi. Usitie chumvi. Mikahawa mingine huwaloweka kamba katika magadi ili wawe na ule mkatiko menoni, lakini hiyo ni sodiamu nyingine juu ya ile ya sosi.

Tia mafuta mapya ya maji katika karai dogo, yafike kina cha kidole kimoja cha mkono kikiwa kimelazwa. Yapashe hadi ukichovya ncha ya mwiko wa mti viputo vidogo vizunguke upesi. Moshi ukitoka umezidisha. Kaanga kamba wachache wachache, mafungu matatu au manne. Ukiwamwaga wote mara moja mafuta hupoa na kamba hunywa mafuta badala ya kukaangika. Dakika moja na nusu au mbili zatosha. Kamba aliyejikunja kidogo tu ameiva, aliyejikunja hadi mkia ukagusa kichwa amekuwa mpira. Fungu la mwisho likiisha, warudishe wote kwa nusu dakika ili ganda likauke kabisa. Kisha futa mafuta mara moja kwa karatasi. Hapa pana siri ambayo wapishi wengi hawaijui: sehemu kubwa ya mafuta haiingii katika chakula kikiwa karaini, bali huvutwa ndani baada ya kuepuliwa, kinapopoa. Sekunde zile za mwanzo ndizo za kufuta.

Shira nayo ipikwe kando. Yeyote aliyewahi kupika kaimati anajua kwamba shira nyepesi huzilowesha, na shira nzito huzishika kwa nje tu. Kamba ni vivyo hivyo. Weka katika sufuria kijiko kikubwa kimoja cha asali, maji ya chungwa moja, kijiko kikubwa cha siki, kijiko kikubwa cha sosi ya soya, tangawizi na kitunguu saumu vilivyopondwa, na pilipili kadiri ya moyo wako. Chemsha hadi ibaki nusu na kushika mgongo wa kijiko. Epua, tumbukiza kamba, geuza mara tatu nne, pakua. Wanaokula wawe wamekwisha kuketi, kwa maana baada ya dakika kumi ganda halitalia tena menoni.

Hesabu yake kwa kila mtu ni sukari ya gramu 6 au 7, badala ya 36. Utamu haupotei kama unavyodhani, kwa kuwa siki, tangawizi na pilipili huukuza. Wapo watakaoniambia kwamba asali si sukari. Mwilini ni sukari, naye mwenye kisukari asidanganywe na nyuki. Kijiko kile kimoja cha sosi ya soya kina chumvi ya zaidi ya gramu 2, karibu nusu ya gramu 5 za siku nzima. Wakigawana watu wanne si kitu, lakini mkono usiteleze. Mwenye kisukari ale na kabichi au sukuma wiki nyingi na wali kidogo, kwa sababu wanga wa ganda nao huhesabiwa.

Jambo nililoahidi kurejea ni mzio. Wakazi wengi wa bara huonja kamba kwa mara ya kwanza wakiwa watu wazima, tena katika sherehe. Baadhi yao miili yao huikataa protini moja iliyo ndani ya kamba, kaa na kamba mti, na protini hiyo haiharibiwi na moto. Kupika sana hakusaidii. Ndiyo maana mtu mwenye mzio aweza kuumwa kwa kula chipsi tu, kama zilikaangwa katika mafuta ya kamba. Ukialika wageni, uliza kabla ya kuwasha jiko, na mafuta yaliyokaanga kamba usiyakaangie watoto wa jirani viazi.

Midomo ikivimba, mwili ukiwasha, mtu akatapika ghafla, akakohoa au akashindwa kupumua muda mfupi baada ya kula, usingoje kuona kama itapita, wala usimpe maziwa. Mpeleke hospitali hapo hapo na useme wazi mlangoni kwamba amekula kamba. Dawa yake ya kwanza ni sindano ya adrenalini pajani, na dakika zina thamani. Vidonge vya kuzuia mwasho vinavyouzwa dukani haviwezi kuchukua nafasi yake. Aliyewahi kupata dalili hizi, hata kidogo, asijaribu kupika chakula hiki wala kusimama jikoni kikipikwa, kwani hata mvuke wake umewahi kuwadhuru watu.

Yule mgonjwa wangu bado huenda mkahawani, lakini mara moja kwa mwezi, na huagiza shira iletwe kando katika kibakuli. Ijumaa nyingine mkewe hupika. Wanabishana kuhusu pilipili. Kipimo chake cha mwisho kilishuka, ingawa haki ni kusema pia kwamba alianza kutembea kwa miguu kutoka kazini, kwa hiyo siwezi kuwapa kamba sifa yote.

Wakibaki, usiwaache mezani hadi asubuhi. Watie frijini ndani ya saa mbili na waliwe kesho yake, wakipashwa katika kikaango kikavu. Hawatakuwa wakavu kama jana, lakini watoto wangu huwala ndani ya chapati bila kulalamika.