BBS bado ziko hewani, na wenyewe wamelala

Unadhani kuposti kulianza na Facebook? Zii. Ward Christensen na Randy Suess waliwasha BBS ya kwanza Chicago, Februari 1978. Ulipigia kompyuta ya msee simu, ukaacha meseji, ukatoka mwingine apate laini.

Mwaka 1984 Tom Jennings akaleta FidoNet: BBS zikapigiana usiku wa manane, simu zikiwa chee, kubadilishana barua. Nani akeshe? Skripti ya bechi ndiyo ilipewa kazi, na mafans wa BBS bado wanaitumia leo kupitia intaneti. Ni faili tu ya amri za DOS, mstari kwa mstari. Programu ya barua ikitoka inaacha namba, skripti inaisoma: panga barua, safisha gemu ama fungulia mgeni.

Mtego ndio huu: ukiuliza DOS kama namba ni 5, inakubali 5 na yoyote iliyozidi. Kwa hivyo anza na kubwa ukishuka, la sivyo itarukia kazi isiyofaa usiku kucha.

Mbona wajisumbue hivyo? Akaunti yako ya TikTok inaweza kufungwa saa hii na huna la kufanya. BBS iko kwa mashine yako, sheria ni zako. Shida ni stima: ikipotea kwako, wote wako nje.