Mwaka Uliopotea Si Kosa la Kijana: Montréal na Ugomvi wa Namba Moja

Wasikilizaji walio na ndugu zao Montréal wanaujua ugomvi huu. Ukipiga simu huko wakati wa baridi, hata kabla ya habari za watoto na kazi, unaweza kuambiwa kwanza habari za Canadiens, timu ya hoki ya barafuni ya mji ule. Na ukiuliza nani alistahili kuwa namba moja mwaka 2022, nyumba inagawanyika. Baba anasema Wright. Mtoto anasema Slafkovský. Mama anasema chakula kinapoa.

Kwa wale ambao hawajaona mchezo huu: wachezaji sita kila upande, pamoja na kipa, wanateleza juu ya barafu kwa viatu vyenye chuma chini, wakigombania kwa magongo kisahani cheusi cha mpira mgumu. Ligi kubwa inaitwa NHL, nayo ina timu 32 za Canada na Marekani. Kila mwaka timu hizo zinachagua vijana, wengi wao wa miaka 18, mmoja baada ya mwingine, kwa mizunguko 7. Timu zilizofanya vibaya zinatangulia, na kura inapigwa kuamua nani atachagua wa kwanza. Msimu wa 2021-22 Montréal ilishika mkia wa ligi nzima, mwaka mmoja tu baada ya kucheza fainali. Kura ikaiangukia. Na uchaguzi wenyewe ukafanyika tarehe 7 Julai 2022 pale pale Montréal, mbele ya mashabiki wake.

Kwa muda mrefu jina lilikuwa moja: Shane Wright, Mkanada. Lakini siku ile likasomwa jina la Juraj Slafkovský, kijana wa Slovakia. New Jersey ikamchukua Mslovakia mwingine, Šimon Nemec. Arizona ikamchukua Logan Cooley. Wright, aliyesubiriwa namba moja, akaitwa namba nne na Seattle. Tangu hapo watu hawajanyamaza.

Ili kuelewa hasira ya wazee wa mji ule, lazima kurudi nyuma miaka 42. Mwaka 1980 Montréal ilichagua namba moja pia, na ilifanya hivyo mjini kwake. Ilimchagua Doug Wickenheiser, ikamwacha Denis Savard, kijana aliyekulia na kuchezea hapo hapo Montréal. Chicago ikamchukua Savard namba tatu, na baadaye akaingia katika Jumba la Heshima la mchezo huo. Wickenheiser hakufika huko. Aliyewahi kuumwa na nyoka hushtuka akiona kamba, na mashabiki wa Montréal waliona kamba.

Hoja ya upande wa Wright si ya kijinga, na inafaa kusemwa vizuri. Wanasema: timu iliyoshika mkia haina haki ya kubahatisha. Wright alicheza katikati, nafasi ambayo ni ngumu kupata mtu wake. Akiwa na miaka 15 alipewa ruhusa ya pekee kuingia ligi ya vijana ya Ontario mwaka mmoja kabla ya wenzake, ruhusa wanayopewa wachache sana, na msimu huo akafunga mabao 39. Wasaka vipaji wa ligi walimweka juu ya vijana wote wa Amerika Kaskazini. Kwa nini kuacha kilicho mkononi na kufuata kilicho porini?

Hapo ndipo wenzao wa upande wa pili walipojibu kwa jibu baya. Walisema Wright amesimama. Eti alipokuwa na miaka 15 aling'aa, na alipofika 18 hakung'aa zaidi. Walichosahau kusema ni kwamba msimu wa 2020-21 ligi ya Ontario haikucheza hata mechi moja, sababu ya korona. Kijana wa miaka 16, katika umri ambao mwili na akili vinakua kwa haraka, alifungiwa mlango mwaka mzima. Wenzake wa Ulaya na wa Québec, japo kwa shida, walicheza. Alipopata nafasi ya kuchezea Canada ya vijana chini ya miaka 18 mwaka 2021, alirudi na dhahabu. Lakini kwenye mizani ya wasaka vipaji, mwaka ule mtupu uliandikwa kama deni lake.

Hilo ni kosa. Kumhukumu mtu kwa mwaka ambao hakupewa nafasi ni sawa na kumpiga mwanafunzi kwa mtihani ambao shule haikuuandaa.

Pamoja na hayo, Montréal ilichagua sawasawa. Haikuchagua sawasawa kwa sababu Wright alikuwa mbovu. Ilichagua sawasawa kwa sababu iliangalia mtu anaelekea wapi, ikaacha kuangalia alikokuwa amewekwa kwenye karatasi. Slafkovský aliacha Košice akiwa bado mtoto, akaenda kujifunza mchezo Finland, lugha si yake na watu si wake. Katika ligi ya watu wazima ya huko hakufunga sana: mabao 5 katika mechi 31. Mtu wa karatasi anaishia hapo. Lakini Februari 2022, kwenye Olimpiki ya Beijing, akiwa na miaka 17 katikati ya wanaume, alifunga mabao 7 katika mechi 7, akachaguliwa mchezaji bora wa mashindano, na Slovakia ikapata shaba, medali yake ya kwanza ya Olimpiki katika hoki. Kijana ambaye uwanja ukiwa mkubwa zaidi naye anakuwa mkubwa zaidi, huyo anastahili kungojwa.

Je, alingojwa? Hapana. Msimu wa kwanza alipata pointi 10 tu katika mechi 39. Katika hoki, bao ni pointi moja, na pasi inayozaa bao ni pointi moja pia. Januari 2023 akaumia goti, msimu ukaisha. Tarehe 6 Desemba 2022, Wright alikuwa amefunga bao lake la kwanza la NHL, tena dhidi ya Montréal yenyewe. Basi kelele zikapanda: tulisema, tulisema. Wale wale waliokasirika kwamba Wright alihukumiwa haraka wakamhukumu Slafkovský kwa miezi mitatu.

Msimu uliofuata Slafkovský akapata pointi 50. Julai 2024 akasaini mkataba wa miaka 8 wa dola za Marekani milioni 60.8. Msimu wa 2024-25 akapata 51. Na Wright? Alirudishwa kwa vijana, akashushwa ligi ya chini, akaiongoza Canada kama kapteni kuchukua ubingwa wa dunia wa vijana Januari 2023, na msimu wa 2024-25 akapata pointi 44 na Seattle. Mmoja alipita njia ya juu, mwingine akazunguka bondeni, na wote wawili wamefika barabarani. Waliopiga kelele Desemba 2022 wako wapi leo? Wanabishana juu ya kijana mwingine.

Tena, wakati mji mzima unagombana juu ya majina mawili, jina lililobadilisha timu lilikuwa limelala chini ya karatasi. Katika uchaguzi ule ule wa 2022, Montréal ilimchukua beki Mmarekani Lane Hutson, namba 62. Vijana 61 walitangulia mbele yake. Kwa nini? Kwa sababu alikuwa mfupi. Hakufika mita 1.75, na beki wa hoki anatakiwa awe mnara. Kijana huyo alifikia hatua ya kuzipelekea timu karatasi ya daktari kuonyesha kwamba mifupa yake bado inakua. Hebu fikiria: mtoto anayewazidi wengi kwa kipaji, anatembea na karatasi mkononi akiomba aaminiwe kwamba atarefuka. Msimu wa 2024-25, wa kwanza kamili kwake, alitoa pasi 60 za mabao, akaifikia rekodi ya mabeki wapya iliyowekwa na Larry Murphy, akapewa kombe la Calder la mchezaji mpya bora wa ligi.

Na kocha aliyempa nafasi hiyo ni nani? Ni Martin St-Louis, mwanaume mfupi kutoka Québec. Alipokuwa kijana, hakuna timu iliyomchagua: si namba 62, si namba 200. Hakuna. Akaingia kwa mlango wa nyuma, akapata pointi 1,033 za NHL, akaingia Jumba la Heshima mwaka 2018. Aliyewahi kuachwa nje anajua kumtambua aliye mlangoni.

Wako watakaosema hizo ni bahati za watu wachache. Sivyo. Mwaka 2013 watafiti walichapisha uchunguzi juu ya wachezaji waliochaguliwa na NHL kuanzia 1980 hadi 2006. Canada inawapanga watoto wa hoki kwa mwaka wa kuzaliwa, kuanzia Januari. Kwa hiyo mtoto wa Januari anamzidi mtoto wa Desemba karibu mwaka mzima, lakini wanapimwa pamoja. Watafiti walikuta kwamba waliozaliwa miezi ya mwisho walichaguliwa nyuma kuliko walivyostahili, kwani baadaye walicheza vizuri kuliko namba walizopewa. Kwa miaka zaidi ya 25, watu wanaolipwa kutambua vipaji waliona ukubwa wa mwili wakadhani ni kipaji.

Kongo pia ina mtoto wake katika hesabu hii. Bokondji Imama alizaliwa Montréal mwaka 1996, wazazi wake wakiwa wametoka Kongo. Mwaka 2015 timu ya Tampa Bay ilimchagua namba 180, mzunguko wa 6. Namba kama hiyo ni nusu ya kwaheri. Hakukata tamaa. Msimu wa 2016-17 alifunga mabao 41 katika ligi ya vijana ya Québec, kisha akakaa miaka katika ligi ya chini, akila ngumi na kurudisha ngumi, kwani hiyo ndiyo kazi aliyopewa. Aprili 2022 akacheza mechi yake ya kwanza ya NHL akiwa na Arizona. Miaka 7 baada ya kuchaguliwa! Hakuwa nyota na hakuna haja ya kumpamba. Lakini wengi waliotajwa mbele yake siku ile hawakucheza hata dakika moja katika ligi ile.

Basi timu inapokaa kuchagua, na mashabiki wanapokaa kubishana, maswali yafuatane hivi. Kwanza: kijana huyu alinyimwa nini? Msimu, urefu, mwezi wa kuzaliwa, uwanja? Pili: alipopewa nafasi kidogo, aliifanyia nini? Tatu, na hili ndilo wanaloliruka wote: timu iko tayari kumngoja kwa muda gani? Timu isiyo na jibu la swali la tatu isijisumbue na mawili ya kwanza. Itachagua dhahabu na kuitupa kama jiwe.

Atakayesema mchezo wa barafu hauhusu watu wa Kivu, aangalie watoto walio karibu naye. Kambini na katika nyumba za jamaa waliozipokea familia zilizokimbia, wako watoto waliopoteza mwaka wa masomo, wengine miwili, kwa sababu shule ilifungwa au iligeuka malazi ya wakimbizi. Wakirudi darasani wanakaa na wadogo wao, na mtu mzima anapita anasema: huyu ni mkubwa lakini hajui kitu. Anatamka kama msaka vipaji mbele ya Wright. Anauona mwaka mtupu, anauandika kama deni la mtoto.

Deni si la mtoto. Mwalimu anayeandikisha, kocha wa mpira anayechagua timu ya kartie, mzazi anayeamua nani arudi shule na nani abaki kuuza sokoni, wote hao wanafanya uchaguzi wao kila siku bila jukwaa wala kamera. Wasianze kwa kumuuliza mtoto yuko namba ngapi. Wamuulize alinyimwa nini, wampe nafasi, kisha wamngoje.