Kisiwa cha Chumbe na Kazi ya Ulinzi

Askari wetu na polisi wetu walipotumwa katika Jimbo la Cabo Delgado, kaskazini mwa Msumbiji, mnamo Julai 2021, walikuwa watu elfu moja, na wengi miongoni mwao ndiyo kwanza waione bahari. Mnyarwanda huzaliwa kati ya vilima na maziwa. Habari za maji ya chumvi huzipata shuleni. Neno kisiwa kwetu sisi lilikuwa Nkombo, lilikuwa Iwawa, vipande vya ardhi vilivyozungukwa na maji matamu ya Ziwa Kivu. Waliolinda Palma na Mocímboa da Praia wameviona visiwa vya namna nyingine: vidogo, bapa, vilivyojengwa na matumbawe, ambavyo bahari huviacha na kuvirudia kila maji yanapokupwa na kujaa. Kwa ajili yao, na kwa ajili ya wenzao waliobaki zamu hapa nyumbani, leo tungependa kuzungumza juu ya kisiwa kimoja cha ukoo huo kilichoko kaskazini zaidi katika pwani hiyo hiyo. Jina lake Chumbe.

Chumbe iko kusini mwa mji wa Zanzibar, mwendo wa kilomita 12 hivi kwa chombo. Urefu wake wazidi kilomita moja kwa kiasi kidogo tu, upana wake haufiki nusu kilomita, na eneo lake zima ni hekta 22 hivi. Askari aliyezoea mwendo wa haraka angekimaliza ncha kwa ncha kwa robo saa, kama si mawe yake yaliyochongoka ambayo hula viatu. Mawe hayo yalikuwa zamani mwamba hai chini ya maji. Bahari iliposhuka, mwamba ukabaki juu, ukafa, ukawa nchi kavu. Na mpaka leo mgeni akitazama chini huona makombe makubwa ya bahari yameganda ndani ya jiwe, mbali na mawimbi. Hakuna kijito wala kisima cha maji matamu. Msitu uliofunika kisiwa huishi kwa mvua na unyevu, na mizizi ya miti hujipenyeza katika nyufa za mawe kutafuta udongo ambao ni haba.

Ndani ya msitu huo anaishi kaa mkubwa kuliko kaa wote wa nchi kavu duniani, mwenye magando yenye nguvu ya kupasua nazi, na ambaye mahali pengi amekwisha kwa kuliwa. Mwaka 1997 panya walioletwa na binadamu waliangamizwa kisiwani ili ndege na viumbe wengine wapumue. Katika miaka hiyo hiyo wakaletwa paa nunga wachache, wale paa wadogo ambao nyumba yao ni misitu ya Unguja na michache ya pwani ya Kenya, na ambao mbwa na nyavu za wawindaji zimewapunguza mno.

Lakini hazina ya Chumbe iko majini, upande wa magharibi. Katika mwamba wake wataalamu wamehesabu aina zipatazo 200 za matumbawe magumu, yaani karibu asilimia 90 ya zile zote zilizopata kuandikwa katika Afrika Mashariki, na aina zaidi ya 400 za samaki. Yote hayo yamo katika eneo linalozidi hekta 30 kidogo. Msomaji atauliza, na ana haki ya kuuliza: imekuwaje mwamba huu usalimike, na hali miamba mingi ya jirani imevunjwa kwa nyavu za kukokota, kwa mawe na magongo ya kuwatisha samaki, na huko Bara hata kwa baruti?

Jibu lake linawahusu askari moja kwa moja, na ndiyo sababu tumekichagua kisiwa hiki.

Kwanza walikuja watu wa taa. Mwaka 1904 Waingereza walijenga mnara wa taa Chumbe ili kuongoza meli zinazoingia bandari ya Zanzibar kutoka kusini, na mwaka 1926 taa hiyo ikageuzwa kutumia gesi. Karibu na mnara ilijengwa nyumba ya mlinzi wa taa, na msikiti mdogo kwa ajili ya walinzi. Tunamfikiria mlinzi yule, na tunadhani kila aliyepata kusimama zamu ya usiku atamfahamu bila kuelezwa: anapanda ngazi, anawasha, anatazama, na nahodha anayepita salama hajui jina lake wala hatamshukuru asubuhi.

Visiwa vidogo vya Unguja vimeonja vita pia. Alfajiri ya tarehe 20 Septemba 1914 manowari ya Kijerumani Königsberg iliishambulia manowari ya Kiingereza Pegasus bandarini Zanzibar ikaizamisha, na mabaharia waliokufa wakazikwa katika kisiwa kidogo cha Chapwani. Siku nne tu baadaye, tarehe 24 Septemba, Wajerumani waliokuwa Rwanda walivuka Ziwa Kivu wakakiteka kisiwa cha Ijwi kutoka kwa Wabelgiji. Tunalitaja hili kwa sababu vijana wetu huambiwa kwamba vita ile ilikuwa ya Ulaya. Ilikuwa yetu pia, na ilipiganwa visiwani, pwani na ziwani katika juma moja.

Turudi Chumbe. Kwa miaka mingi kabla ya 1992 wavuvi hawakuruhusiwa kuvua upande wake wa magharibi, unaopakana na njia ya meli kubwa. Mitumbwi yao midogo nayo haikuwa rahisi kufika mbali namna hiyo. Zaidi ya hayo, eneo lile lilikuwa la jeshi, na askari walikuwa wakifanya mazoezi ya shabaha kutoka pwani ya Unguja iliyo mkabala. Mvuvi mwenye akili timamu hakupeleka dema lake huko. Basi samaki wakazaa, matumbawe yakakua, na hakuna afisa hata mmoja aliyekuwa ametoa amri ya kuwalinda. Mwamba ulilindwa na bunduki bila bunduki kujua.

Je, tujisifu? La. Ulinzi wa namna hiyo ni wa bahati. Siku jeshi likihamisha uwanja wake wa shabaha, au mvuvi akipata mashine ya kusukuma ngalawa yake, mlango umefunguka. Na siku hiyo ilikuwa inakaribia.

Mwaka 1992 Bibi Sibylle Riedmiller, Mjerumani aliyekuwa amefanya kazi miaka mingi katika nchi zinazoendelea, alianzisha kampuni ya kukihifadhi kisiwa hiki, na mwaka 1994 Serikali ya Zanzibar ikatangaza rasmi mwamba wa magharibi kuwa hifadhi, na msitu vivyo hivyo. Kampuni ilijenga vibanda saba vya kulala wageni, vyenye mapaa ya makuti yanayokusanya maji ya mvua, na umeme wa jua. Fedha za watalii ndizo zinazolipa walinzi na kuwaleta watoto wa shule za Zanzibar kuja kuona kwa macho yao kilicho chini ya bahari yao. Nyumba ya zamani ya mlinzi wa taa ikawa mahali pa mafunzo. Mnara haukuvunjwa.

Na walinzi ni nani? Hapa tunaomba msomaji asipite haraka. Walichukuliwa wavuvi wa vijiji vya jirani. Hawakupewa silaha. Walifundishwa majina ya matumbawe na tabia za samaki, na jinsi ya kuweka kumbukumbu za kila chombo kinachokaribia, kisha wakaambiwa wakatoe zamu mchana na usiku. Mvuvi akiingia katika eneo lililokatazwa, mlinzi humwendea kwa mashua akamsalimu kama mtu wa kwao, maana ni wa kwao, akamweleza kwamba samaki wanaozaliana humu hujaa wakatoka nje, na kule nje ni halali yake. Mvuvi anaijua bahari. Akiona kwamba changu na chewa wa nje ya mpaka wameanza kuwa wanono, hahitaji hotuba ya pili.

Mwaka 1998 joto la bahari lilipanda, matumbawe ya Bahari ya Hindi ya magharibi yakawa meupe, na mengi yakafa. Ya Chumbe yaliumia, lakini yakapona vizuri kuliko ya mahali pengi, kwani mwamba usiochokozwa na nyavu una nguvu ya kujiuguza. Mwaka 2000 hifadhi hiyo ilipewa tuzo ya Umoja wa Mataifa ya mazingira.

Wapo watakaosema kwamba haya ni mambo ya watalii matajiri wanaolala kisiwani hali mvuvi amenyimwa bahari ya babu yake. Hatulidharau neno hilo. Mvuvi aliyefungiwa eneo amepoteza kitu leo kwa ahadi ya kesho, na tumbo halili ahadi. Sisi twaona kwamba Chumbe isingesimama hata miaka mitano kama watoto wa mvuvi huyo wasingepata kazi, safari na elimu kutoka humo. Na wapo maafande watakaosema kwamba Cabo Delgado si Chumbe, kwamba muasi mwenye bunduki hasalimiwi kwa mashua. Hilo ni kweli kabisa. Hatusemi askari aweke chini silaha yake mbele ya mwenye silaha. Lakini adui akishaondoka, watu wa Palma hurudi kwenye vyombo vyao, na anayekutana nao ufukweni si adui tena. Ni baba mwenye nyavu.

Nasi tunaye baba huyo huyo hapa nyumbani. Isambaza waliletwa Kivu kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, na leo ndio kitoweo cha magharibi yote ya nchi. Kila mwaka ziwa hufungwa miezi miwili hivi ili samaki wakue, na polisi wa majini pamoja na wanajeshi hushika doria na kukamata nyavu za matundu madogo mno, zile zinazozoa samaki mchanga kabla hajazaa hata mara moja. Kazi hiyo ni ya haki na tunaiunga mkono. Tunachouliza ni kidogo tu: askari anapoitwaa nyavu saa nane za usiku na kuichoma asubuhi, je, mwenye nyavu ameambiwa sababu na mtu anayeijua? Au ameambiwa tu kwamba ni amri? Aliyeambiwa amri peke yake atangoja doria ipite, kama vile mwamba wa Chumbe ulivyongoja mizinga inyamaze.

Rai yetu kwa wahusika ni hii. Kiswahili ni lugha rasmi ya nchi yetu tangu 2017, na kambini kilikuwa lugha yetu muda mrefu kabla ya hapo. Mlinzi mmoja wa Chumbe, mvuvi wa zamani, aweza kusimama mbele ya kikosi cha majini kule Rubavu au Karongi na kuzungumza siku nzima bila mkalimani. Aje juma moja kabla ziwa halijafungwa, apande mashua pamoja na doria, aketi na vyama vya wavuvi jioni wanapotengeneza taa zao. Gharama yake ni nauli ya mtu mmoja na chakula cha siku saba.