Gitaa la kwaya lisitupwe, libadilishwe shingo

Nipo nyumbani Nyalikungu likizo hii, na huku mjadala mkubwa si pamba wala mvua, ni gitaa. Galatoni la kwaya (wazee wanaliita hivyo tangu enzi za magitaa ya Gallotone ya Afrika Kusini) limeshushwa kwenye basi likiwa limekatika shingo. Ingekuwa limevunjika kichwani tu, gundi na jiliwa vingetosha. Hili limepasuka katikati ya freti. Boksi zima kabisa.

Wengi wanataka tuchange tununue jipya. Mi nimesimama na wazee wawili: tubadilishe shingo. Mchango ukipita hapa kila mtu ataandikwa jina, na asiye na hela ataanza kukwepa hata mazoezi. Hiyo sinema nimeshaiona, na kwaya ilibaki na waimbaji sita na gitaa jipya linang'aa.

Hoja yao kubwa ni kwamba seremala hawezi gitaa. Eti kuna gitaa moja lilishawekewa shingo huko nyuma, ukishuka chini tamu, ukipanda juu kilio. Sawa, lakini ile shingo ilikatwa kwa kukadiria macho! Seremala ukimpa kipimo cha kabati anakutengenezea kabati. Hapa hakupewa kipimo.

Na kipimo chenyewe ni hesabu ya kugawanya tu, jamani. Unapima kutoka nati mpaka pale nyuzi zinapokaa kwenye daraja. Tuseme ni milimita 650. Freti ya 12 lazima ikae nusu, yaani 325. Freti ya kwanza unagawa 650 kwa 17.817, unapata kama 36.5. Kilichobaki unagawa tena kwa 17.817, unapata ya pili, twende kazi. Ndo maana shingo ya gitaa lingine lenye urefu tofauti ukiipachika, hata utyuni mpaka asubuhi halikubali.

Kuitoa ya zamani: kama ni skrubu unafungua, kama ni gundi ya mbao mvuke unailainisha taratibu. Epoksi ndo kasheshe. Ukiweka mpya, rula ndefu ikilazwa juu ya freti ifike usawa wa mbao ya daraja, isipite juu wala kugonga chini.

Ambapo sitaki utani ni mbao. Nyuzi sita za chuma zikikazwa zinavuta karibu kilo 70, hivyo mbao mbichi itakunja kama upinde. Mninga uliokauka vizuri, nyuzinyuzi zimenyooka, na juu yake kipande cha mpingo cha kushikia freti. Mpingo huohuo ndo unatengeneza klarineti huko Ulaya, na vijiji vya Kilwa kama Kikole na Kisangi viliingia kwenye cheti cha FSC mwaka 2009 kwa kuvuna misitu yao vizuri. Mbao yetu inaaminika hadi kwenye okestra, sisi tunaogopa kuipeleka kwa seremala wa mtaani!

Kikao ni Jumapili. Vipimo nimeshavichora kwenye karatasi, na fundi amesema mninga mkavu anao, wa kitanda kilichovunjika. Kinachokosekana ni waya wa freti. Mwenye nao hapo kampasi, au anayejua unapouzwa Mwanza, anitafute kabla ya Jumamosi.

Nawasilisha.