Wakala wa forodha Gisenyi: shahada au ujuzi?

GISENYI – Mwenye mzigo anayefika Grande Barrière akielekea Goma haulizi wakala wake alisoma chuo gani. Anauliza lori litavuka lini. Hata hivyo, elimu ya wakala inamgusa mfukoni.

Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004, kifungu cha 147, inamhesabu wakala kuwa mwenye mali na kumtwisha ushuru. Kifungu cha 148 kinambana mwenye mali kwa matendo ya wakala wake. Kosa la mmoja huwafuata wote wawili.

Na kosa si dogo. Tangu Julai 2022 ushuru wa pamoja wa Jumuiya una viwango vinne: asilimia 0, 10, 25 na 35. Bidhaa ya dola 10,000 kutoka nje ya Jumuiya, inayobaki Rwanda, ikiandikwa kwenye asilimia 35 badala ya 25, mwenye mali anapoteza dola 1,000. Ikiandikwa chini ya inavyostahili, deni linamngoja siku ya ukaguzi.

Ndiyo maana wapo wanaotaka kila wakala awe na shahada. Hoja hiyo ina uzito, ila shahada ya biashara peke yake haimfundishi mtu kupanga bidhaa kwenye namba za ushuru wala kufuta bondi ya mzigo wa transiti.

Gisenyi ina mtihani wake pia. Nyaraka za Mombasa na Dar es Salaam huja kwa Kiingereza, forodha ya Kongo, DGDA, hufanya kazi kwa Kifaransa, na madereva huongea Kiswahili. Karani aliyekaa mpakani miaka 15 huyamudu yote bila kukanyaga chuo kikuu.

Kumfungia mlango karani huyo ni kupunguza mawakala. Wakipungua, bei ya huduma hupanda, na anayelipa ni mwenye mzigo.

Njia ya kati ipo: cheti cha EACFFPC, kinachoendeshwa na shirikisho la mawakala FEAFFA pamoja na mamlaka za mapato. Hakidai shahada, na kinapima kazi yenyewe.

Cheti nacho kikining'inia ukutani hakimsaidii mteja. Kabla ya kukabidhi nyaraka, mfanyabiashara aulize: leseni ni hai? Nani hasa atajaza tamko la forodha, na ana cheti? Kisha adai nakala ya tamko hilo, kwani deni likija litakuja kwa jina lake.