Mashine Haivuti Mtu Majini

Kijana mmoja wa hapa Mabatini amemaliza kidato cha nne. Anataka kazi ya kulinda maisha ya watu ziwani. Amesikia kwamba siku hizi kuna kompyuta zenye akili bandia. Anauliza: "Nisomee ukaguzi wa vyombo vya majini au uokoaji? Kazi ipi itachukuliwa na mashine?"

Swali hili ni zuri. Tena ni swali la afya, kwa sababu ajali ya ziwani huua kama ugonjwa unavyoua.

Akili bandia ni nini? Ni kompyuta iliyofundishwa kwa mifano mingi. Ikionyeshwa picha nyingi za watu, hujifunza kumtambua mtu. Baadaye inaweza kuhesabu abiria kwa kutumia kamera. Haichoki wala haisinzii.

KAZI YA MKAGUZI

Mkaguzi huhesabu abiria. Huangalia mzigo, vyeti, injini na majaketi ya kuokolea. Hufuata habari za hali ya hewa. Sehemu kubwa ya kazi hii ni hesabu na maandishi, na hayo mashine inayaweza. Kwa hiyo mkaguzi anayejua kujaza fomu tu yumo hatarini.

Lakini tukumbuke kivuko cha MV Nyerere. Kilipinduka karibu na kisiwa cha Ukara, wilaya ya Ukerewe, tarehe 20 Septemba 2018. Uwezo wake ulikuwa watu 101. Waliokufa peke yao walizidi 200.

Je, kuona kwamba kivuko kimejaa kunahitaji kompyuta? Hapana. Hata mtoto anaona. Kinachohitajika ni mtu mwenye mamlaka na moyo wa kusema, "Kivuko hakiondoki." Mashine inaweza kupiga kengele. Lakini kengele huzimwa. Haiwezi kusimama mbele ya nahodha mwenye haraka na abiria wanaowahi nyumbani kutoka gulioni.

KAZI YA MWOKOAJI

Tarehe 21 Mei 1996, meli ya MV Bukoba ilipinduka karibu na Mwanza. Watu walikuwa wamenasa ndani, wakigonga ili wasikike. Meli ikatobolewa tundu ili watolewe. Hewa ikatoka, maji yakaingia, meli ikazama. Mamia ya ndugu zetu walikufa.

Katika ajali ya MV Nyerere, fundi mmoja alikutwa hai baada ya siku mbili. Alikuwa mahali palipobaki hewa ndani ya kivuko. Wapiga mbizi walimtoa.

Somo ni hili: hewa iliyobaki ndani ya chombo ni uhai. Mwokoaji lazima alijue jambo hilo, aamue upesi, kisha aingie majini. Mashine ya kuruka inaweza kumwonyesha mtu alipo. Lakini mtu huyo lazima ashikwe, avutwe, na apuliziwe pumzi kinywani. Ndege ya abiria ilipoanguka ziwani huko Bukoba tarehe 6 Novemba 2022, wavuvi waliwahi kufika kwa mitumbwi yao. Kati ya watu 43, watu 24 walipona.

USHAURI WANGU

Kijana wetu, kazi ya mwokoaji haitachukuliwa upesi na mashine. Kazi ya mkaguzi itabadilika mapema zaidi. Lakini usiidharau. Kinga ni bora kuliko tiba. Mkaguzi mmoja mwema huokoa watu wengi kabla hawajalowa. Ukiichagua, jifunze kompyuta ili ikusaidie. Halafu jifunze kusema "hapana", hata kwa mkubwa. Hiyo ndiyo sehemu ya kazi ambayo mashine haitakunyang'anya.

Na sisi abiria tuna wajibu wetu:

1. Vaa jaketi la kuokolea na ulifunge kamba kabla chombo hakijaondoka.

2. Chombo kikijaa, shuka. Waambie na wenzako washuke.

3. Ukiona ajali, piga simu namba 114 kwa Jeshi la Zimamoto na Uokoaji.

Usingoje mkaguzi wala mashine ikuhesabu. Hesabu mwenyewe. Gulio litakuwepo tena wiki ijayo. Hakikisha na wewe utakuwepo.