Mama aliyenusurika leba bado anahitaji kupimwa

Karibu kila mtaa niliowahi kuishi Tanga una mama anayesemwa hivi: "Yule tangu azae hajawa sawa." Watu wanasema na kupita. Mimi ni mkunga mstaafu, na kauli hiyo ndiyo iliyonifanya nishike kalamu, kwa sababu baadhi ya hao akina mama wana ugonjwa unaojulikana, wenye kipimo na wenye vidonge vyake. Wanachokosa ni mtu wa kuwauliza.

Mmoja wao anaishi upande wa Muheza. Dada yake, ambaye ni jirani yangu, aliniomba twende kumjulia hali. Ilikuwa Februari, na joto la Februari Tanga mnalijua. Tulimkuta barazani amevaa sweta zito na kanga mbili juu yake. Ngozi kavu, uso umepauka, sauti inatoka polepole. Mwanawe wa mwisho alikuwa ameshaanza darasa la kwanza. Nikamwuliza habari za uzazi ule. Akasema kondo la nyuma lilichelewa kutoka, akatokwa damu mpaka akapoteza fahamu, akaongezwa damu, akazinduka. Na maziwa? Hayakutoka hata tone. Mama mkwe alimpikia uji wa pilipili manga, akamletea supu ya pweza, akamtwangia karanga, kila kitu ambacho mtu mzima wa pwani anakijua, na matiti yakabaki vilevile. Na hedhi? Haijarudi. Kwanza walidhani ana mimba, kisha wakasema amekoma kabla ya umri, kisha wakasema ni chango, na mwisho wakasema kafungwa kizazi. Fedha ya machungwa ya misimu miwili ilikwenda kwa mganga. Nikamsogelea, nikamwuliza jambo ambalo mwanamke humnong'oneza mwanamke mwenzake: makwapani unanyoa? Akaniangalia akasema, "Mama, wembe nilishausahau. Hakuoti kitu."

Damu nyingi leba, maziwa kutotoka, hedhi kutorudi, nywele za mwili kupukutika. Mhudumu wa afya akiyasikia haya kwa mama mmoja anatakiwa afikirie tezi ya pituitari.

Tezi hii iko chini ya ubongo na ni ndogo kama punje ya mbaazi, lakini ndiyo inayotoa amri kwa tezi ya shingoni, kwa tezi zilizo juu ya figo, kwa ovari na kwa matiti. Mwanamke akishika mimba, tezi hiyo hukua ili itengeneze homoni ya maziwa. Ikishakua inahitaji damu zaidi, na mishipa inayoilisha haina nguvu kubwa. Sasa mama akitokwa damu ghafla, presha ikaporomoka, tezi inakosa damu na sehemu yake inakufa. Daktari wa Uingereza, Harold Sheehan, aliyekuwa akichunguza miili ya akina mama waliofariki baada ya kujifungua, aliueleza uharibifu huu mwaka 1937, na ugonjwa ukapewa jina lake. Huko kwao leo ni nadra sana, maana damu inazuiwa mapema na ya kuongezwa ipo. Unabaki kuwa ugonjwa wa nchi ambazo mama bado anaweza kuvuja njia nzima akiwa nyuma ya bodaboda.

Sisemi kwamba kila anayetokwa damu ataupata, wengi hawaupati. Wala sisemi kwamba kila mama mwenye maziwa machache anao, kwani mara nyingi tatizo huwa ni mtoto kutoshika titi vizuri au kucheleweshwa kunyonyeshwa, na mkunga mvumilivu hulimaliza hapohapo kitandani. Ninayemsemea mimi ni yule ambaye dalili zinafuatana baada ya uzazi wa damu nyingi, na hakuna anayeziunganisha.

Hatari yake ni kwamba unakwenda polepole. Mama anaweza kuishi miaka na miaka akiwa mchovu, akihisi baridi, akipata kizunguzungu kila anapoinuka, akiitwa mvivu na ukoo wa mumewe. Halafu siku moja anaugua malaria ya kawaida au anaharisha, na mwili hauna ile homoni ya tezi za juu ya figo inayomsaidia binadamu kuhimili maradhi. Presha inashuka, sukari inashuka, anazimia. Anaweza kufa kwa homa ambayo mwenzake angeipita kwa dozi moja ya dawa. Tunazika, tunasema ni malaria.

Nchi yetu imefanya kazi kubwa kwa akina mama, na ninalisema hili kwa fahari ya mtu aliyekuwamo. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2015/16 ulionyesha vifo vya uzazi 556 kwa kila vizazi hai 100,000. Ule wa 2022 ulionyesha 104. Nyuma ya tarakimu hizo kuna wakunga waliokesha, vyumba vya upasuaji vilivyofunguliwa vituo vya afya, damu salama, na magari ya m-mama yanayoitwa kwa kupiga 115. Lakini tuangalie hesabu yenyewe inatuambia nini. Mama ambaye zamani angekufa kwa kutokwa damu, leo anarudi nyumbani na mtoto. Kadiri tunavyookoa wengi ndivyo wanavyoongezeka wenye mwili uliojeruhiwa ndani, na huduma yetu inamwacha mama mlangoni siku ya kuruhusiwa.

Njooni kliniki wiki ya sita baada ya kujifungua mjionee. Mtoto anavuliwa, anapimwa uzito, anachomwa chanjo, kadi yake inajazwa mstari kwa mstari. Mama amembeba. Akiulizwa, anaulizwa uzazi wa mpango. Presha yake haipimwi kila mahali, na hakuna anayemwuliza habari za damu aliyomwaga, kwa sababu damu hiyo imebaki kwenye faili la wodini ambalo halikutoka naye.

Hapo ndipo pa kuanzia. Mwaka 2023 yalitolewa matokeo ya utafiti mkubwa uliofanyika hospitali 80 za Kenya, Nigeria, Afrika Kusini na Tanzania, uitwao E-MOTIVE. Mama akijifungua anatandikiwa shuka la plastiki lenye mfuko wenye mistari ya vipimo, damu inakusanyika humo, na mkunga anasoma kiasi badala ya kukisia kwa kutazama pedi na sakafu. Damu ikizidi, matibabu yote yanaanza kwa pamoja. Visa vya kutokwa damu kupita kiasi na madhara yake makubwa vilipungua kwa asilimia 60. Mimi nilifanya kazi enzi za kukisia, nami nawaambia shuka hilo ni mkombozi. Basi kama sasa tunaweza kujua kwamba fulani alimwaga lita moja na nusu, tarakimu hiyo iandikwe kwa kalamu nyekundu kwenye kadi anayokwenda nayo nyumbani, na anayemwona wiki ya sita amwulize: maziwa yalitoka? Na kwa kuwa wiki ya sita ni mapema mno kwa swali la hedhi, liulizwe mtoto anapoletwa chanjo ya surua ya miezi tisa. Maswali haya hayahitaji mashine wala bajeti.

Vipimo vya damu ndivyo vinavyohitaji umakini. Mama akilalamika uchovu na baridi, mara nyingi hupimwa TSH peke yake, ile homoni inayoiamrisha tezi ya shingoni. Kwa mgonjwa wa Sheehan kipimo hicho kinaweza kuonekana kizuri kabisa wakati homoni ya tezi yenyewe iko chini, na anarudishwa nyumbani akiambiwa hana tatizo. Lazima apimwe vyote viwili, pamoja na kotisoli, ile homoni ya tezi za juu ya figo, asubuhi. Matibabu nayo yana mpangilio: kwanza hydrocortisone au prednisolone, kisha ndiyo dawa ya tezi ya shingoni. Ukigeuza, unaweza kumwangusha mgonjwa. Vidonge hivyo ni vya maisha, havikatizwi ghafla, na mgonjwa akipata homa daktari humwongezea dozi.

Kisukari cha mimba nacho kinaangukia pengo hilohilo la mama kuachwa bila kufuatiliwa. Homoni za kondo la nyuma hupunguza nguvu ya insulini, na mama ambaye mwili wake unashindwa kufidia, sukari yake inapanda. Kondo likitoka sukari hushuka, naye anaambiwa yamekwisha. Hayajaisha. Uwezekano wake wa kupata kisukari cha ukubwani ni takriban mara 10 ya mwenzake ambaye hakuwa nacho. Anatakiwa kupimwa tena kati ya wiki 6 na 12, kwa kunywa maji ya glukosi gramu 75 na kutolewa damu kabla na baada ya saa mbili, kisha aendelee kupimwa miaka inayofuata. Kipimo cha mkojo tunachokitegemea hakitoshi, kwani mjamzito anaweza kuwa na sukari kwenye mkojo bila kisukari, na mwingine akawa na kisukari mkojo ukiwa safi. Tezi ya shingoni nayo huweza kuvimba miezi michache baada ya kujifungua: mama anahangaika, moyo unamwenda mbio, halafu ananyong'onyea na kulia ovyo, na sisi tunasema ni mawazo.

Yule mama wa Muheza alipelekwa hospitali ya rufaa na akapimwa. Baada ya wiki chache za dawa sweta lilivuliwa, na msimu uliofuata alikwenda shamba. Hedhi na uwezo wa kuzaa ni safari nyingine, ndefu na ya gharama, na mumewe hakuisubiri.

Ninaiomba Wizara ya Afya iweke kiasi cha damu aliyopoteza mama, pamoja na maswali ya maziwa na hedhi, kwenye kadi ya kliniki, na ihakikishe hospitali za mikoa zinapima kotisoli. Wewe msomaji, kama kwenu yuko dada, wifi au mkwe ambaye hajawa sawa tangu azae, msimpeleke kilingeni. Mpelekeni hospitali, na sentensi ya kwanza kwa daktari iwe hii: alipojifungua alitokwa damu nyingi, maziwa hayakutoka, na hedhi haijarudi.